Taa, Pishi na Anayekuja Mbele

Jua likishazama nyuma ya milima ya Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ukanda wa ziwa haupewi muda wa kujiandaa. Huku, nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, jioni hugeuka usiku kabla chai haijapoa. Kwenye barabara ya vumbi ya Baraka na Lweba hakuna nguzo za taa. Akina mama waliochelewa sokoni bado wako njiani, mabeseni kichwani. Wavuvi wa ndagala wanateremka ufukweni. Mbuzi ambao hawajafungwa wamejilaza palepale katikati ya njia, kwa kuwa udongo bado una joto la mchana. Ndipo inapotokea pikipiki, na taa yake.

Taa yenyewe ni ya kuhurumiwa. Pikipiki nyingi ndogo za kubebea abiria hutoka kiwandani na balbu ya wati 35, na katika nyingi za zamani umeme wa taa hautoki kwenye betri bali moja kwa moja kwenye koili za injini. Motari, yaani dereva wake, akivuta mafuta, njia inang'aa. Akipunguza mwendo kwa sababu ya shimo, taa nayo inasinzia. Yaani inamkimbia pale hasa anapoitafuta. Mwenye Land Cruiser ya zamani hana nafuu kubwa. Vioo vya taa vimefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho, na nyaya zimeungwa na kuungwa tena tangu gari liwe la mwenyewe wa tatu.

Basi mmoja wao anakwenda kwa fundi, na fundi ana swali lake la siku zote.

"Papa, tubakishe ile ya manjano ao tutie nyeupe?"

"Hiyo nyeupe, mwanangu, inaona mbali?"

"Inaona mbali sana, Papa. Tena wenyewe watakupisha."

Ya manjano ni ampuli ya kawaida, ile ambayo ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wataiita globu na Nairobi wataiita balbu. Nyeupe ni LED, iliyofungwa kwenye boksi lenye tarakimu kubwa. Lakini neno la kusimama nalo ni la mwisho: watakupisha. Kwa Mswahili kupisha ni adabu. Mtu hupisha mlangoni, humpisha mkubwa, hupisha jeneza lipite. Anayepisha kwa sababu haoni tena hajapisha. Amesukumwa kando kwa mwanga badala ya bega. Hapo biashara ya vipuri inageuka, bila fundi kukusudia, kuwa swali la dini na falsafa: je, mtu ana haki ya kuona kwa kumpofusha mwenzake?

Kabla ya kuwauliza masheikh na mapadri ni vizuri kuiuliza balbu yenyewe, maana imeshalifikiria jambo hili. Aina iitwayo H4 ilianza kutumika mwaka 1971 na hadi leo imo katika magari yasiyohesabika ya Maziwa Makuu. Ndani ya kioo chake kimoja mna nyuzi mbili za chuma, mmoja wa wati 60 kwa taa kali na mwingine wa wati 55 kwa taa ya chini. Ukiishika ikiwa imezimwa na kuisogeza jichoni, utaona chini ya uzi mmoja kumewekwa kikombe cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Kazi ya kikombe hicho ni kuzuia. Bila hicho, mwanga ungeanguka kwenye nusu ya chini ya kioo cha kuakisi na kurushwa juu, usoni mwa anayekuja. Kikombe kinaukata. Unaobaki unateremka barabarani ukiwa na ukingo ulionyooka kana kwamba umepigwa rula: chini mwanga, juu giza.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya nuru ya taa ya chini hupotezwa kwa makusudi. Imelipiwa petroli, imepita kwenye nyaya, imewaka, kisha ikafunikwa.

Msomaji wa Injili atatabasamu hapa. Katika sura ya 5 ya Mathayo, Yesu anashangaa nani atawasha taa kisha aifunike kwa pishi badala ya kuiweka juu ya kiango. Wafasiri wa Kiswahili walichagua vyema neno pishi, kipimo cha vibaba vinne, kile kile ambacho Mwislamu hupimia zakatul-fitri mwisho wa Ramadhani. Kwa hiyo pande zote mbili za mtaa zinakijua chombo hicho kwa mkono. Sasa wahandisi wakaenda wakaweka pishi ndani ya taa. Je, wamekosea Injili?

Hawakukosea, na sababu iko katika nyumba. Taa ya mfano ule inawaka chumbani, na waliomo wote wanakaa upande mmoja nayo. Inapowaka zaidi, kila mmoja anapata zaidi. Taa ya gari ina uso. Kuna walio nyuma yake na kuna walio mbele yake, na kile kinachowafaa wa nyuma ndicho kinachoweza kuwaumiza wa mbele. Hata Qurani, katika Sura An-Nur, aya ya 35, haiachi nuru ikielea hewani: kuna taa, taa imo katika kioo, na imewekwa katika shubaka. Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu au Zanzibar anajua shubaka ni nini, tundu ukutani lililozibwa pande zote isipokuwa moja. Ukuta wa nyuma na wa pembeni ndio unaoupa mwanga mwelekeo. Nuru inayosifiwa katika aya hiyo imewekewa mipaka, na aya haiiti mipaka hiyo dosari.

LED yenyewe haina hatia. Mwaka 2014 Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuvumbua LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyowezesha ile nyeupe, na hakuna mahali panapoijua neema hiyo kuliko vijiji ambavyo gridi ya umeme haijafika. Mtoto wa shule anayesomea taa ya sola hahitaji kuhubiriwa habari zake. Tatizo huanza LED inapoingizwa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mgeni mwingine. Kioo cha kuakisi cha H4 kilichorwa kwa ajili ya uzi mdogo uliokaa sehemu moja tu. Balbu nyingi za LED za bei rahisi zina vipande bapa vya mwanga, kimoja kila upande wa mhimili mnene, na kikombe chao, kikiwepo, ni cha kuigiza. Tofauti ya milimita moja hapo ndani huwa ni tofauti ya kiuno na macho hapo mbele. Ujerumani, nchi isiyokosa umeme wala maabara, haikuruhusu balbu ya LED kuchukua nafasi ya halojeni barabarani hadi mwaka 2020, na hata hapo kwa magari yaliyopimwa na kuorodheshwa tu.

Na tarakimu za kwenye boksi? H4 halali hutoa lumeni 1,000 hivi kwenye taa ya chini na 1,650 kwenye taa kali. Boksi la dukani likidai mara kumi ya hizo, hiyo ni imani ya muuzaji, na yeye haendeshi usiku.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mtaalamu wa Basra, Ibn al-Haytham, alianza kitabu chake cha elimu ya kuona kwa jambo ambalo kila motari analijua: jicho likitazama mwanga mkali, linaumia, na likigeuka linaendelea kuuona mwanga ambao haupo tena. Kwake hilo lilikuwa ushahidi kwamba nuru inalitenda jicho. Jicho si mfalme anayetuma miale nje, ni mwenyeji anayepokea kilicholetwa, kizuri au kibaya. Jicho lililokaa gizani huhitaji karibu nusu saa ili liwe na uwezo wake wote wa usiku, na uwezo huo hunyang'anywa kwa kufumba na kufumbua. Dereva anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Sekunde mbili za kupapasa ni mita 22 za barabara zilizopitwa na mtu ambaye, kwa muda huo, ni kipofu anayeendesha.

Katika mita hizo 22 kuna mtu. Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wa balbu hawalioni kwa sababu halionekani, kwa maana halisi ya neno. Magari mawili yanapokutana, taa zote kali, mama mwenye beseni aliye kati yao hupotea. Dereva huyu haoni chochote ng'ambo ya mwanga wa yule, na yule haoni chochote ng'ambo ya mwanga wa huyu. Mama anamulikwa pande zote mbili, kivuli mbele na kivuli nyuma, na hakuna anayemwona. Yeye mwenyewe anasimama, anaweka mkono mmoja machoni na mwingine kwenye beseni, anasubiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka 2021, zaidi ya nusu vikiwa vya waendao kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki.

Mafundisho ya zamani yana zana za kupimia jambo hili. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza kama mtu anaweza kujitetea hata ikiwa mshambuliaji atakufa. Jibu lake lilitenganisha kinachokusudiwa na kinachotokea pembeni ya kusudi, ila akaweka sharti: anayetumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika kujiokoa ameharibu uhalali wake. Kwa kipimo hicho motari anayetaka kuona shimo hana kosa. Kosa linaanzia pale mwanga unapovuka barabara na kupanda juu, kwa kuwa hakuna shimo lililo kwenye uso wa mtu. Mafaqihi wa Kiislamu walilishika kwa upande mwingine. Kutoka hadithi ya Mtume kuhusu kutodhuru na kutodhuriana walijenga kanuni nyingi, mojawapo ikisema kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lililo mfano wake. Waliitumia kwa mambo ya jirani kabisa: moshi wa tanuri unaoingia nyumba ya pili, dirisha linalotazama ua wa mwenzio. Katika karne ya 19 Waosmani waliziandika kanuni hizo kwa namba katika mkusanyo wa sheria uitwao Majalla. Taa ya mbele haimo humo, lakini kadhi aliyewahi kuamua kesi ya moshi asingepata shida nayo. Moshi wako ni wako hadi unapofika kwangu.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, angeuliza kitu kingine: itakuwaje kila mmoja akifanya hivyo? Barabara ya Lweba inajibu haraka kuliko mwanafalsafa. Motari wa kwanza kutia nyeupe kali anaona kweli. Wa pili anatia ili amkabili wa kwanza. Wa kumi anatia kwa sababu ya wale tisa, na wote kumi wanaona kidogo kuliko walivyoona zamani, wakiwa wametoa pesa. Aliyebaki na ya manjano ndiye anayelipa zaidi kuliko wote, na ndiye hakufanya lolote.

Wavuvi wanalijua hili kwa njia yao. Ndagala na mikebuka wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa LED za betri. Samaki wanapanda kuufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi mingi hupumzika. Taa ni ileile, mafuta ni yaleyale au betri ni ileile, ila maji yote yameangazwa na taa imekosa kazi. Mvuvi huishi kwa tofauti kati ya mwanga wake na giza lililouzunguka, na siku ambapo tofauti imekwisha anashona nyavu.

Kuna dhara jingine ambalo halina hata mwenye kulikusudia. Kigoma huendesha kushoto. Baraka, kama Kongo yote, huendesha kulia. Gari lililotumika Japani, ambako pia ni kushoto, hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendelea bara, na taa zake za chini zimechongwa ziinue mwanga kidogo upande wa kushoto ili zimwone anayetembea kando. Likishaingia Kongo, kushoto si kando tena. Kushoto ndiko wanakotokea wanaokuja. Gari zima, lenye balbu halali ya kiwandani na dereva mcha Mungu, linamulika macho ya watu njia nzima kwa sababu lilizaliwa na adabu ya nchi nyingine. Wakimbizi wa Fizi waliorejeshwa kutoka Tanzania kwa meli kuanzia mwaka 2005, wengi wakiteremkia Baraka, walirudi na Kiswahili cha Kigoma, na mazoea ya kutazama kwanza upande usio wenyewe kabla ya kuvuka. Binadamu hujifunza upya ndani ya wiki, lakini taa hubaki vilevile hadi mtu aifungue.

Sheria ipo, si kwamba haipo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unamtaka dereva ashushe taa ili asimpofushe mwingine, na Kongo ina kanuni zake za barabarani tangu Agosti 1978. Kati ya karatasi hiyo na usiku wa Fizi kuna umbali mrefu wa barabara mbovu, na tuliache hapo.

Mwanafalsafa Emmanuel Levinas alifundisha kwamba wajibu wa mtu kwa mtu huanzia usoni: uso wa mwingine ndio unaoniamuru nisimdhuru. Alifundisha Ufaransa, mbali na hapa, lakini usiku wa barabarani unampa mtihani, kwa maana madereva wawili wanaokutana hawana nyuso. Kila mmoja kwa mwenzake ni tundu la mwanga. Huenda ndiyo sababu mtu mpole, anayesalimia nyumba hadi nyumba kwa majina ya watoto, akishika usukani usiku huwasha taa kali na kuiacha. Mahali pekee ambapo desturi inageuka ni kwenye kizuizi cha askari. Hapo dereva mwenye akili hushusha taa za nje akiwa mbali na kuwasha ile ndogo ya ndani, mwanga unahama kutoka uso wa askari na kuangukia uso wake mwenyewe. Anafanya hivyo kwa sababu ya bunduki. Mama wa beseni hana bunduki.

Pamoja na hayo, atakayemhukumu motari wa Lweba kwanza apande nyuma yake usiku mmoja. Hanunui balbu kwa majivuno. Analeta mgonjwa, au gunia la mihogo ambalo ni ada ya shule ya mtu, kwenye njia ambayo mvua za Oktoba hadi Mei zimeichimba na vumbi la kiangazi limeifunika. Kumwambia abaki na wati 35 zinazosinzia ni kumwagiza awe mwema kwa gharama ya shingo yake, na dini gani imefika huko? Haki yake ya kuona ni ya kweli. Kinachobishaniwa ni kama balbu ndiyo iliyomnyima.

Mara nyingi siyo. Mwanga wa balbu ya uzi huanguka haraka kuliko umeme unavyoanguka: volti zikipungua kwa asilimia 10 tu njiani, kwenye nyaya zilizooza na boliti ya ardhi iliyoshika kutu, mwanga hupungua kwa karibu theluthi moja. Kioo kilichofifia kinakula sehemu nyingine, na vumbi la siku moja sehemu nyingine tena. Fundi anayekwangua kutu, anayebadili waya na kusugua kioo humrudishia mteja taa ambayo gari lilikuja nayo kutoka kiwandani, na ile balbu ya wati 100 ambayo ingeyeyusha swichi yake inabaki dukani. Kazi hiyo ni ya jasho na haina boksi la kupendeza, ndiyo maana haimo katika swali la fundi.

Inabaki kuilenga taa, na hii ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote. Inahitaji eneo tambarare na ukuta mrefu. Katika vijiji vingi ukuta wa namna hiyo ni wa kanisa au wa shule. Gari husimamishwa mita 10 kutoka ukutani, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha. Urefu wa taa kutoka chini hupimwa kwa kamba na kuwekewa alama ya chaki ukutani, kisha mstari wa pili unapigwa sentimita 10 chini yake. Taa ya chini ikiwashwa, ukingo wake unatakiwa ukae kwenye mstari wa pili. Kuna skrubu nyuma ya taa kwa ajili hiyo, mara nyingi imeshika kutu kwa kuwa hakuna aliyeigusa tangu Japani.

Kwa pikipiki kuna la ziada. Ikipimwa tupu, inadanganya. Abiria wawili na gunia wakikaa nyuma, springi zinazama, pua inainuka, na taa iliyokuwa ikitazama chini inatazama paa la kanisa. Lazima ipimwe na mzigo wake wa kila siku. Kwa hiyo fundi anayejua kazi, saa kumi na mbili na nusu jioni, chaki mfukoni na bisibisi mkononi, huita waliosimama kutazama.

"Mama, panda hapo nyuma kidogo. Na beseni yako, ndiyo, na beseni. Wewe kijana, nyuma ya mama. Shikaneni, musicheke, taa inatikisika."